Ritani za KRA za Miaka Uliyokuwa Ng'ambo: Mwongozo Kamili wa Kuzimaliza

Umekaa Doha, Riyadh, Leeds au Minneapolis miaka kadhaa. Umerudi nyumbani, na sasa mwajiri mpya au zabuni ya kaunti inakudai cheti cha kutodaiwa ushuru. Unafungua iTax, mfumo wa mtandaoni wa KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya), na kukuta miaka mitupu imejipanga, hakuna ritani hata moja.

Wengi wakifika hapo hubofya nil, yaani "sikupata mapato yoyote", mwaka baada ya mwaka, mpaka orodha iishe. Baadaye ombi la cheti linakataliwa, au inaingia barua pepe inayouliza kuhusu kodi ya zile nyumba tatu za Rongai ambazo wapangaji hulipa kwa M-Pesa kila mwezi. Kumbe rekodi tayari ina ritani zenye jina lako zinazosema hukupata hata shilingi.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza mbali na kitufe cha nil. Kazi kubwa ni kuuchambua kila mwaka peke yake kabla ya kuwasilisha chochote. Ukishafanya hivyo, kubofya ni jambo la jioni moja.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Namba yako ya PIN (ya mtu binafsi huanza na herufi A) na kitambulisho cha taifa.
- Barua pepe uliyosajili nayo iTax. Kama ni ile ya zamani uliyofunguliwa saiba, jaribu kwanza kama bado inafunguka.
- Pasipoti zote, hata iliyokwisha muda. Mihuri ya kuingia na kutoka ndiyo ushahidi wako mkubwa.
- Mikataba ya kazi na vibali vya kuishi: iqama ya Saudia, kitambulisho cha Qatar au Emirati, visa ya Uingereza au Marekani.
- P9 (taarifa ya mwaka ya mshahara na ushuru uliokatwa) ya mwajiri wako wa mwisho Kenya, kwa mwaka ulioondoka.
- Taarifa za benki na za M-Pesa za miaka yote uliyokuwa nje, hasa kama una nyumba ya kupangisha, duka au shamba linaloingiza pesa.
- Hati za ushuru uliokatwa huko: P60 kwa waliokuwa Uingereza, W-2 kwa waliokuwa Marekani.
- Kompyuta yenye Excel. Simu inatosha kwa nil pekee.

Usiitupe pasipoti ya zamani hata ikiwa imetobolewa. Miaka unayoishughulikia mara nyingi imo humo.

## Hatua ya 1: Rudisha mlango wa iTax mikononi mwako

Nenda itax.kra.go.ke, andika PIN, kisha nywila na jibu la ile hesabu ndogo ya usalama. Kama nywila imesahaulika, bofya "Forgot Password" na nywila mpya itatumwa kwa barua pepe iliyosajiliwa.

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu barua pepe hiyo ni ya mtu wa saiba aliyewasajili mwaka 2014. Dawa yake ni kuomba KRA wabadilishe anwani: piga 020 4 999 999 au 0711 099 999, andika kwa callcentre@kra.go.ke, au nenda dawati la KRA katika Huduma Centre ukiwa na kitambulisho halisi.

Tahadhari: usimpe nywila yako mtu anayekuahidi "kufuta" faini kwa bei ya chini. Hakuna kitufe kama hicho upande wake. Ukisaidiwa saiba, badilisha nywila kabla hujainuka kwenye kiti.

Umefaulu ukiingia mwenyewe na barua pepe iliyo kwenye akaunti ni unayoifungua wewe.

## Hatua ya 2: Soma cheti cha PIN kabla ya kugusa ritani

Pakua upya cheti chako cha PIN ukiwa ndani ya iTax. Chini ya jina na anwani kuna jedwali la wajibu wa ushuru uliosajiliwa, tarehe ya kuanza kwa kila mmoja na hali yake. Lisome mstari kwa mstari.

Mtu wa kawaida anatarajia kuona mstari mmoja: "Income Tax - Resident Individual". Lakini kuna walioandikishwa VAT (ushuru wa ongezeko la thamani) au PAYE (ushuru unaokatwa kwenye mishahara) pasipo wao kujua, kwa sababu aliyewasajili alijaza visanduku vyote alivyoviona. Hili ni jambo zito. Ritani ya ushuru wa mapato huwasilishwa mara moja kwa mwaka, na faini ya kuchelewa kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, kubwa kati ya hizo. VAT huwasilishwa kila mwezi, na kila mwezi uliochelewa una faini isiyopungua shilingi 10,000. Miaka mitano ya VAT usiyoijua ni miezi 60, yaani shilingi 600,000 kwa biashara ambayo haikuwahi kuwepo.

Ukikuta wajibu ambao si wako, usianze kuuwasilishia ritani za nil ovyo. Andikia KRA, eleza kwamba hukuwahi kufanya biashara hiyo, na uombe wajibu huo uondolewe. Sheria ya Fedha ya 2025 ilifungua njia ya kusamehewa faini na riba zilizotokana na hitilafu ya mfumo wa kielektroniki, au na usajili usio sahihi wa wajibu wa mlipaji. Hiyo ndiyo hoja yako, na ni ya maandishi, si ya simu.

Umefaulu ukiwa na orodha ya kila wajibu na tarehe ulipoanza, na unajua upi ni halali.

## Hatua ya 3: Chora jedwali la miaka

Chukua karatasi. Andika kila mwaka kuanzia ule wa mwisho uliowasilisha ritani, kisha mbele ya kila mwaka jibu maswali matatu: nilikuwa mkazi wa Kenya kwa mujibu wa sheria? Nilipata nini ndani ya Kenya? Nilipata nini nje?

Swali la kwanza ndilo linalowapoteza watu. Wengi hudhani kwamba ukifanya kazi nje basi wewe si mkazi. Sheria ya Ushuru wa Mapato haisemi hivyo. Wewe ni mkazi kwa mwaka fulani ikiwa:

- una makao ya kudumu Kenya na ulikuwa nchini kwa muda wowote ndani ya mwaka huo, au
- huna makao ya kudumu lakini ulikuwa nchini siku 183 au zaidi mwaka huo, au
- huna makao ya kudumu, ila ulikuwa nchini mwaka huo na katika kila mmoja wa miaka miwili iliyoutangulia, kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka.

Rudia kusoma lile la kwanza. "Muda wowote" maana yake hata likizo ya wiki mbili. Na makao ya kudumu ni pamoja na mahali unapoweza kukaa wakati wowote, kama nyumba uliyojenga kijijini na kumwachia mama aitunze.

Tuchukue mtu aliyekwenda Saudia Machi 2019, akaja likizo Desemba 2021, akarudi kabisa Oktoba 2024. Nyumba yake iko Vihiga, haijapangishwa. Jedwali lake litakuwa hivi:

- 2019: mkazi, kwa sababu alikuwa nchini Januari hadi Machi. Ana mshahara wa Kenya wa miezi hiyo na wa Saudia wa miezi iliyobaki.
- 2020: si mkazi. Hakukanyaga Kenya mwaka mzima.
- 2021: mkazi, kwa ile likizo ya Desemba.
- 2022 na 2023: si mkazi.
- 2024: mkazi.

Miaka sita, na ni mitatu tu ambayo nil haina mjadala, kwa sharti kwamba hakuwa na mapato yoyote Kenya. Hii mitatu mingine inahitaji kufikiriwa.

Kwa nini inajalisha? Kwa sababu Kenya humtoza mkazi ushuru wa mshahara hata kama kazi ilifanyiwa nje. Asiye mkazi hutozwa kwa kile kilichopatikana Kenya pekee. Pesa unazowatumia jamaa nyumbani zenyewe hazitozwi, kwa hiyo usihesabu kila Western Union kama mapato.

Umefaulu ukiwa na jedwali ambalo kila mwaka umeandikwa "mkazi" au "si mkazi", na muhuri wa pasipoti unaothibitisha.

## Hatua ya 4: Maliza mwaka ulioondoka

Mwaka huu hauwezi kuwa nil kama ulifanya kazi Kenya hata mwezi mmoja. Mwajiri alishapeleka PAYE yako KRA, kwa hiyo mfumo unajua.

Tumia P9. Kwa miaka ya zamani pakua fomu ya Excel ya IT1, ruhusu makro zifanye kazi, kisha jaza sehemu F (mshahara), sehemu M (PAYE iliyokatwa) na sehemu T (hesabu ya ushuru). PIN ya mwajiri katika F na M lazima iwe ileile. Ukibofya kitufe cha kuhakiki, fomu hutengeneza faili ya zipu, na hiyo ndiyo unayopakia iTax.

Kosa linalojirudia ni nafuu binafsi, kile kiasi kinachopunguzwa kwenye ushuru wako. Watu huandika 28,800 kwa kila mwaka kwa sababu ndicho kiwango cha sasa. Kwa mwaka mzima wa 2017 ilikuwa 15,360. Kwa 2018 na 2019 ilikuwa 16,896. Mwaka 2020 uligawanyika, shilingi 1,408 kwa mwezi hadi Machi na 2,400 kuanzia Aprili, jumla 25,824. Kuanzia 2021 ndipo 28,800. Kiasi kilicho kwenye P9 yako ndicho mwajiri alichotumia kwa miezi uliyofanya kazi kwake, hivyo anzia hapo.

Kama kampuni ilifungwa na P9 haipatikani, omba dawati la KRA wakuonyeshe PAYE iliyowasilishwa kwa PIN yako mwaka huo, na uambatanishe na hati zako za mshahara.

Umefaulu ukiwa na risiti ya kupokelewa kwa ritani, na sehemu T haikuonyesha deni kubwa wala marejesho usiyoweza kuyaeleza.

## Hatua ya 5: Wasilisha miaka ya nil iliyo nil kweli

Anza na mwaka wa zamani zaidi. Fungua "Returns", kisha "File Nil Return", chagua wajibu wa "Income Tax - Resident Individual", na uweke mwanzo wa kipindi, kwa mfano 01/01/2022. Tarehe ya mwisho, 31/12/2022, hujaa yenyewe. Angalia mwaka mara mbili kabla ya kutuma.

Pakua risiti na uipe jina la mwaka husika papo hapo. Ukiacha zote na majina ya mfumo, kesho hutajua ipi ni ipi.

Riba ya akaunti ya akiba hukatwa asilimia 15 na benki, na huo kwa kawaida huwa ushuru wa mwisho. Haikuzuii kuweka nil. Kodi ya nyumba, faida ya duka na malipo ya ushauri vinakuzuia.

Ulishaweka nil kwenye mwaka uliokuwa na mapato? Ritani hurekebishwa kupitia "File Amended Return", ndani ya miaka mitano. Rekebisha mwenyewe kabla KRA hawajakuandikia.

## Hatua ya 6: Miaka yenye mapato

### Kodi ya nyumba

Mkazi anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka kutokana na nyumba za makazi hulipa ushuru wa kodi ya kila mwezi. Ulikuwa asilimia 10 ya kodi yote hadi mwisho wa 2023, na asilimia 7.5 tangu Januari 2024. Hakuna kutoa gharama za ukarabati wala za wakala. Huwasilishwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, ndiyo maana miaka michache tu huzaa ritani nyingi. Kima cha chini cha 288,000 kilianza 2021. Kabla ya hapo kilikuwa 144,000.

Kwa miaka ambayo hukuwa mkazi, mpango huo wa kila mwezi si wako. Asiye mkazi hukatwa asilimia 30 ya kodi yote, na mpangaji au wakala ndiye anayepaswa kukata. Kama hakuna aliyekata, hapa usijifanyie mwenyewe: tafuta wakala wa ushuru mwenye leseni, na uhakiki PIN yake ya uwakala kwenye iTax kabla ya kumlipa.

### Mshahara wa ng'ambo katika mwaka uliokuwa mkazi

Kama ulikuwa Uingereza, Ujerumani au Kanada, ushuru uliokatwa huko huhesabiwa dhidi ya ule wa Kenya, na Kenya ina mikataba ya kuzuia kutozwa mara mbili na nchi hizo. Na Marekani haina mkataba kama huo, lakini sheria yetu yenyewe inampa raia wa Kenya unafuu kwa ushuru wa mshahara aliolipa nje. Kwa vyovyote hati ya ushuru uliokatwa ndiyo ufunguo. Bila P60 au W-2 huna cha kudai.

Waliokuwa Ghuba wana hali ngumu zaidi. Saudia, Qatar na Emirati hazikukata ushuru wa mshahara, kwa hiyo hakuna cha kupunguza. Tuone hesabu ya mtu aliyekuja likizo 2022, mwenye makao ya kudumu, aliyelipwa jumla ya shilingi 360,000 mwaka huo:

- 288,000 za kwanza kwa asilimia 10: 28,800
- 72,000 zilizobaki kwa asilimia 25: 18,000
- Toa nafuu binafsi: 28,800
- Ushuru: 18,000

Ritani ya 2022 ilitakiwa kufikia 30 Juni 2023. Akilipa miezi 24 baada ya siku ya mwisho ya kulipa ushuru huo, anaongeza asilimia 5 ya kuchelewa kulipa (900), riba ya asilimia 1 kwa mwezi (4,320) na faini ya kuchelewa kuwasilisha (2,000). Jumla ni 25,220. Inauma kwa mtu aliyefua na kupika katika nyumba za watu, na naamini sheria ingepaswa kuwatazama hawa kwa jicho jingine. Lakini deni linalojulikana linaweza kupangiwa awamu, na riba haiwezi kuzidi ushuru wenyewe.

Kwa mwaka wa namna hii, peleka pasipoti na mkataba kwenye dawati la KRA na uombe msimamo wao kwa maandishi kuhusu ukazi wako. Barua hiyo itakulinda kuliko maelezo ya mdomo.

Umefaulu ukiwa na risiti kwa kila mwaka ulio kwenye jedwali lako.

## Hatua ya 7: Soma leja, kisha lipa

Usilipe siku ileile uliyowasilisha. Faini za kuchelewa huweza kuchukua muda kuonekana, na anayelipa mapema hudhani amemaliza kumbe bado. Subiri, kisha fungua leja ya jumla (rekodi ya madeni na malipo yako ndani ya iTax) na ulinganishe kila mstari na jedwali lako. Faini iliyoandikwa mara mbili kwa mwaka mmoja ipigie picha na uiandikie KRA.

Wapo wanaosubiri msamaha. Ule ulioanza Septemba 2023 ulifungwa Juni 2024, ukafunguliwa tena Desemba 2024 na kuisha 30 Juni 2025. Riba haisubiri msamaha mwingine.

Kulipa, fungua "Payment Registration", chagua ushuru wa mapato na aina ya malipo, weka tiki kwenye madeni yanayojitokeza, kisha pata namba ya malipo, PRN. Kwa M-Pesa tumia Paybill 222222, na PRN iwe namba ya akaunti. Angalia tarehe ya kuisha iliyo kwenye hati ya malipo. Ikipita, tengeneza nyingine.

Kama kiasi ni kikubwa, omba mpango wa malipo kwa awamu kabla ya kulipa lolote, na upendekeze kiwango unachoweza kweli. Kuvunja mpango kunarudisha deni lote mezani.

Umefaulu ukiona salio la leja ni sufuri, au mpango wa awamu umekubaliwa kwa maandishi.

## Hatua ya 8: Omba cheti

Omba cheti cha kutodaiwa ushuru ndani ya iTax. Katika sababu andika wazi: kazi, zabuni au nyingine. Mfumo ukikataa, hutaja ritani inayokosekana au deni lililobaki. Rudi kwenye mwaka huo pekee, usirudie mingine. Cheti hudumu miezi 12.

Hifadhi risiti, jedwali na nakala za mihuri ya pasipoti kwa angalau miaka mitano. Kama unajiandaa kuondoka tena, wasilisha ritani ya mwaka uliopita kabla ya kupanda ndege, hakikisha barua pepe ya iTax ni ile utakayokuwa ukiifungua huko, na weka kikumbusho cha simu tarehe 1 Juni ya kila mwaka. Ritani za mwaka uliopita hupokelewa tangu Januari, na mfumo huelemewa sana wiki ya mwisho ya Juni.